MACHO MAWILI NA HUKUMU YA HAKI

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Katika Sura ya Al-Balad mwanadamu amekumbushwa neema ya macho mawili. Na miongoni mwa hikima za uwili huo ni kujua umbali. Mwenye kutaka ushahidi na asimamishe kidole mbele ya uso wake, afumbe jicho la kulia, kisha la kushoto. Atakiona kidole kinaruka huku na huku. Na akinyosha mkono, kuruka kunapungua. Macho yameachana kadiri ya sentimita 6, kila moja huona kwa upande wake, na tofauti hiyo ndiyo akili huifanya kipimo. Habari za kuona kwa macho mawili alizieleza Al-Hasan ibn al-Haytham wa Basra, katika karne ya 11 ya Miladi, ndani ya Kitab al-Manazir.

Wahandisi wamefuata mfano huo. Huweka kamera mbili sambamba, hupima nafasi iliyo baina yake, kisha huangalia nukta moja imehama kiasi gani katika picha mbili. Umbali ukizidi mara mbili, kuhama hupungua nusu. Gari la Wamarekani liitwalo Perseverance, lililotua katika sayari ya Mirihi mwaka 2021 pasipo mtu ndani yake, lina jozi ya kamera zilizoachana kadiri ya sentimita 42, nalo kwazo hujua umbali wa mawe yaliyo mbele yake.

Lakini yako masharti. Kamera zikiwekwa mahali pamoja, picha hufanana, wala umbali haujulikani. Zikitikiswa zikapotoka, hesabu huharibika. Na zikielekea ukuta mweupe usio na alama, haijulikani nukta ya huku ni ipi kwa ya huko.

Basi yuko mtu ambaye kumimina kahawa kwa jicho moja huogopa, lakini heshima ya nduguye huihukumu kwa khabari ya upande mmoja. Huambiwa neno barazani baada ya Alasiri, na kabla ya Magharibi amekwisha kata udugu, au amekwisha toa talaka. Mtume (S.A.W.) alipompeleka Ali Yemen kuhukumu, alimwagiza asikate hukumu mpaka amsikilize wa pili kama alivyomsikiliza wa kwanza.

Wala mtu asijidanganye kuwa amesikia kwa wawili. Ikiwa wote wawili walinong'onezwa na mmoja, hao ni kamera mbili mahali pamoja. Na wagombanao wakitofautiana maneno, asidhaniwe mara moja mmoja wao kuwa mwongo. Huenda kila mtu amesema aliloliona upande wake, na katika tofauti hiyo ndimo haki ipimwamo. Naye mwenye kusikiliza na awaulize wote jambo lile lile, wala asitikiswe na mapenzi wala chuki. Neno la talaka likisha toka kinywani halirudi kinywani, na watoto ndio walipao.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu kuona kwa macho yote mawili kabla ya kunena kwa ulimi mmoja. Amin.