TUWASHUKURU WATU KWA MAJINA YAO

Masomo: Warumi 16:1-23, Matendo 18:1-3, Luka 17:11-19



Barua ya Paulo kwa Warumi ni nzito. Inafundisha juu ya dhambi, neema, imani na wokovu. Lakini alipokaribia mwisho, mtume alianza kutaja watu. Kutoka mstari wa 3 hadi wa 16 wa sura ya mwisho anasalimu watu zaidi ya ishirini, karibu wote kwa majina. Wasomaji wengi huiruka sura hii kwa sababu majina yake ni magumu kutamka. Mwezi huu tusiiruke, maana ndani yake tunajiona sisi wenyewe.

1. Wakimbizi waliompokea mtume

Wa kwanza kusalimiwa ni Priska na Akila. Hawa walikuwa nani? Matendo 18 inatuambia: walifukuzwa Roma pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakafika Korintho. Kazi yao ilikuwa kushona mahema. Paulo alipofika mji ule, alikaa kwao na kufanya kazi pamoja nao. Basi aliyekuwa na nyumba ya kumkaribisha mtume alikuwa mkimbizi! Sisi tulioishi chini ya shitingi tunaelewa maana yake. Mtu aliyepoteza kwao bado ana kitu cha kumpa mwenzake.

Hapa tunakumbuka daraja la Rusizi I, pale ambapo maji ya Ziwa Kivu yanatoka na kuwa mto, Bukavu upande huu na Kamembe upande ule. Tangu 1959 Wanyarwanda wengi walikimbilia Kongo. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, umati wa watu ulitoka Rwanda na kujaa Bukavu, mashuleni, makanisani na kandokando ya barabara. Miaka kumi tu ikapita. Mwisho wa mwezi wa tano na mwanzo wa mwezi wa sita mwaka 2004, vita vilipoingia Bukavu, watu walivuka kuja Cyangugu, mji ambao tangu 2006 uko katika wilaya ya Rusizi. Mwezi wa pili mwaka 2025 vita vilifika tena Bukavu, na wengi walikimbia, wengine wakavuka mto kuingia Burundi.

Mto ni uleule, lakini mgeni na mwenyeji wamebadilishana nafasi mara nyingi. Kwa hiyo hakuna upande unaoweza kusema, "Sisi hatudaiwi asante na mtu."

2. Mama asiyetajwa jina

Katika mstari wa 13 Paulo anamsalimu Rufo na mama yake. Jina la mama huyu hatulijui, lakini Paulo anasema alikuwa mama kwake pia. Wapendwa, kambi yetu imejaa akina mama wa namna hiyo. Yuko anayelea watoto wa marehemu jirani yake kwa posho ya watoto wake mwenyewe. Yuko anayeamka usiku wa manane kumsindikiza mwenye uchungu mpaka kituo cha afya. Hawa hawana beji wala fulana ya shirika. Hakuna ripoti inayowahesabu. Mungu anawahesabu, na sisi tuwahesabu.

3. Aliyeshika kalamu

Mstari wa 22 unamtaja Tertio, aliyeandika barua hiyo kwa mkono wake. Bila yeye tusingekuwa nayo hivi tulivyo nayo. Kati yetu wako vijana wanaowajazia wazee fomu, na ndugu wanaotafsiri Kinyarwanda na Kifaransa mbele ya daktari ili mgonjwa asipewe dawa isiyo yake. Tumezoea kuwaita wakati wa shida tu. Je, shida ikiisha?

Kusema asante si jambo jepesi kwa mkimbizi. Mtu aliyekuwa na nyumba yake, shamba lake na ng'ombe wake huona aibu kushukuru kwa sahani ya maharagwe. Asante inamkumbusha kwamba alikuwa na njaa. Lakini tazameni wale wakoma kumi wa Luka 17. Wote walipona, mmoja tu akarudi kwa Yesu, na huyo alikuwa Msamaria, yaani mgeni. Kurudi kwake hakukumpunguzia heshima. Yeye ndiye aliyeambiwa kwamba imani yake imemponya.

Wala tusidanganyane: kushukuru si kunyamaza. Mwaka 2021 PAM ilipunguza sana msaada wa wakimbizi nchini Rwanda kwa kukosa fedha, na asante haijazi sufuria. Wanaotusemea waendelee kusema. Paulo huyuhuyu aliyeshukuru watu wengi alikataa kutolewa gerezani kwa siri kule Filipi; alidai haki yake (Matendo 16:37). Moyo wa shukrani na mdomo wa haki vinaweza kukaa katika mtu mmoja.

Basi tufanye nini? Juma hili kila nyumba ikae jioni na kutaja kwa jina watu watatu waliotusaidia kuishi. Mmoja awe mwenyeji wa nchi hii. Mmoja awe mkimbizi mwenzetu. Mmoja awe wa kabila lisilo letu. Tuwaombee. Kisha tuwaendee, au tuwapigie simu kama wamehamia Marekani au kwingineko, tuwaambie wangali hai. Tumezoea kusema maneno mazuri kaburini, na pale mhusika hasikii tena.

Na kama leo kuna jirani mpya aliyefika bila godoro, tusimsubirishe mpaka orodha itoke. Asante yetu kwa waliotupokea ifike kwake.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.