Mwenye Bwawa na Wageni Wake

Huko Madaba, kando ya barabara itokayo Songea kwenda Njombe, wapo wachimbao bwawa bustanini wakafuga perege. Haipiti miezi mingi, wageni wasioalikwa huwasili: chura na kereng'ende hutaga mayai majini, naye mdiria huchungulia kutoka tawini. Ndipo mwenye bwawa huuliza: Je, ndege alaye samaki wangu si mwizi?

Sisi twajibu: Hapana. Mwizi ni yule ajuaye kuwa mali ni ya mwenziwe, kisha akaitwaa. Mdiria hajui hati wala mpaka. Tena wageni wengine hulipa kodi yao: watoto wa kereng'ende, wangali majini, hula viluwiluwi vya mbu, chura hula wadudu wa bustani.

Hatusemi mtu aache samaki wake waliwe wote. Na atandaze wavu juu ya vifaranga, afyeke majani ya ukingoni yaliyo karibu na nyumba, mbu wasijifiche humo. Lakini asitie sumu, na aache pembe moja yenye matete. Jasho la kuchimba ni lake, maji hakuyaumba. Naye atumiaye asichokiumba hana budi kuwabakizia wengine.