Ujira Si Neema

Soma Kumbukumbu la Torati 24:14, 15, Mathayo 20:1–16, Warumi 4:4, Yakobo 5:4.

Kwenye lango la Machame, kabla safari ya kupanda Mlima Kilimanjaro haijaanza, mizigo ya wapagazi hupimwa kwenye mizani. Kanuni hairuhusu mpagazi mmoja kubeba zaidi ya kilo 20. Ni kanuni njema, maana mgongo una kikomo. Lakini mizani ile hupima mzigo tu. Ujira haupimwi langoni.

Wapagazi hawa, ambao wenyewe hujiita wagumu, hubeba mahema, vyakula, mitungi ya gesi, hata meza na viti vya wageni, kwa siku sita au saba. Usiku wageni wanapoondoka kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, wagumu wengi hubaki kambi ya Barafu wakiwasubiri. Safari ikiisha, wageni hukusanya bakshishi, na mara nyingi bahasha hukabidhiwa kiongozi wa msafara ili aigawe. Kwa mgumu bakshishi hiyo si nyongeza tu. Huenda ndiyo karo ya mtoto na kodi ya chumba. Zipo kampuni ambazo, ili ziuze safari kwa bei ya chini kuliko jirani, hupunguza malipo ya yule asiye na sauti, zikitumaini kwamba mgeni atajazia.

Je, kuna ubaya gani? Wagumu wenyewe huifurahia bakshishi. Mgeni hutoa kwa moyo mweupe. Tena mpagazi alikubali malipo yale, hakuna aliyemlazimisha kupanda. Hoja hizi zisipuuzwe, kwa kuwa wanaozitoa si waovu wote.

Katika Warumi 4:4 Paulo anatumia jambo ambalo kila kibarua analijua: anayefanya kazi hudai, na anayempa ujira wake hamfanyii hisani. Mtume alihitaji tofauti hiyo ibaki wazi ili injili ieleweke. Kama wokovu ungekuwa mshahara, Mungu angekuwa mdeni wa wanadamu. Sasa ligeuze jambo hilo upande wa pili. Mwajiri anayeufanya mshahara uwe hisani ya mgeni amelifuta deni lake bila kulilipa. Mpagazi hupokea haki yake akiwa amevua kofia, akishukuru kwa kitu alichokuwa anadai. Dhuluma ya namna hii ni vigumu kuitambua, kwa sababu kila mtu anatabasamu, na kwa kawaida kunaimbwa pia.

Mwenye shamba wa Mathayo 20 alikuwa mkarimu kuliko matajiri wote wa mifano, lakini angalia utaratibu wake. Waliotangulia alfajiri walipata dinari kamili waliyopatana. Ukarimu wake kwa wale wa saa kumi na moja haukutoka katika mfuko wa mfanyakazi mwingine.

Na makubaliano je? Musa anaagiza kibarua alipwe kabla jua halijatua, na anataja sababu: ni maskini, na moyo wake umeutegemea ujira huo. Torati inafahamu kwamba mtu mwenye njaa hukubali mengi. Labani naye alikuwa na mapatano na Yakobo, kisha akaubadili ujira wake mara kumi (Mwanzo 31:7).

Tangu 2003 uko mradi mjini Moshi unaowatetea wapagazi, ambao pia huwaazimisha nguo za baridi bila malipo. Ni tendo la rehema, na libarikiwe. Hata hivyo, koti zito kwa mtu anayelala penye baridi kali ni kifaa cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima wa kibarua, na kifaa cha kazi hudaiwa kwa mwajiri.

Pumziko nalo ni deni. Kumbukumbu la Torati 5:14 inataka mtumwa apumzike sawasawa na bwana wake. Safari ya siku saba haiwezi kuikwepa Sabato. Ikiwa mshiriki wa kanisa ana kampuni ya utalii, naye hufunga ofisi Ijumaa jua linapozama, wagumu wake wako wapi saa hiyo? Pengine wako Barranco, na kesho yake alfajiri watainua mizigo ili ratiba aliyoiuza yeye itimie. Ni nani hasa anayeitunza Sabato hapo?

Mjadili pia habari ya bahasha. Kiongozi wa msafara, ndugu katika imani, amekabidhiwa fedha na mgeni aliyekwisha kuondoka. Wagumu hawajui kilichomo. Mwajiri wake amezoea kupata sehemu, na hapendi fedha zihesabiwe mbele ya watu. Nyumbani kiongozi huyo ana watoto wanne. Afanye nini, na kanisa lake litamsaidiaje akiachishwa kazi kwa kuwahesabia wagumu waziwazi?