Ua la Mgongoni mwa Sufuria

Mwezi mzima nilipamba maua ya krimu bila kuwa na keki. Keki ya nini, na mkono wenyewe haujajua kuminya? Nilinunua nozo moja ya nyota, ile wapambaji wanayoiita 1M, kwenye kiduka cha vifaa vya keki Kariakoo. Nikachanganya mafuta ya mgando na sukari ya unga, nikaipindua sufuria ya pilau, na mgongo wake ukawa ndiyo keki yangu. Nikishaujaza maua, nachukua kisu butu, nayakwangua yote, nayarudisha kwenye mfuko wa kuminyia, naanza upya. Krimu ni ile ile. Kwa hiyo ukiniuliza nilipamba maua mangapi mwezi ule, sijui nikujibu mia tatu au moja.

Swali la mchezo, lakini lilinikaa. Ua la jana limekwenda wapi? Kwenye sufuria halipo, imeoshwa na usiku imepikiwa wali. Kwenye krimu halipo. Krimu haikumbuki kitu, ukiikwangua inarudi kuwa donge. Kama lipo mahali, basi limo katika kiganja changu cha kulia, maana ua la siku ya ishirini lilisimama petali zake zote, na lile la siku ya kwanza, niseme kweli, lilifanana na kinyesi cha kuku.

Jirani yangu wa chumba cha pili ni mpaka hina na piko. Ni mtu mzima, na mikono ya mabibi harusi aliyoichora haina idadi. Jioni moja akasimama mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Bado unaipamba sufuria?"

Akatazama maua yangu, kila moja na kikia chake kimechomoza juu kama mkia wa panya. Akauchukua ule mfuko wa krimu kama anavyoshika koni ya piko. "Acha kuminya kwanza, ndipo unyanyue. Wewe unanyanyua huku bado unaminya." Basi. Somo lote la vikia likaishia hapo. Nilikuwa nimehangaika na namna ya kuanza, kumbe tatizo langu lilikuwa namna ya kuacha.

Nikamuuliza kama haimsikitishi kuona kazi yake inafutika. Hina haimalizi mwezi mkononi. Ngozi inajivua, maji na sabuni vinafanya yaliyobaki.

"Mabibi harusi wangu wote sasa hivi wana mikono mitupu," akasema. "Wasingekuwa nayo mitupu, ningekula nini?"

Nilitarajia hekima nikapewa hesabu ya biashara, na nadhani hesabu ile ilikuwa na hekima zaidi. Sisi tunaopenda kutafakari tuna tabia ya kukihurumia kila kinachopita. Tunakisimamia kama wafiwa. Yeye hajafiwa. Kufutika kwa ua la leo ndiko kunakompa nafasi ya kuchora la kesho.

Lakini si kila pambo linakubali kupita. Nenda Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga, uone. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, ina jina lake chini. Keki ya Dar nayo, ukiitazama vizuri, imejengwa hivyo hivyo: pindo la makombe ya krimu ukingoni, mji wa maua, na jina. Ila kanga husema neno lake kila inapovaliwa, miaka na miaka, na mara nyingi neno lenyewe ni fumbo analorushiwa mtu fulani mtaani. Keki husema mara moja tu, tena waziwazi: hongera, karibu, tunakupenda. Sijawahi kuona keki ya mafumbo. Labda kwa sababu kisu kiko karibu mno.

Kuandika, kwa kweli, ndiko kulikonitoa jasho kuliko maua. Herufi ya kwanza siku zote huwa kubwa, kwa vile nafasi yote bado ni yako. Sufuria yangu iliwahi kusomeka HONGERA KWA KUHIT, ukingo ukafika, wanafunzi wasihitimu. Dawa ni kutoboa maneno kwanza kwa kijiti cha meno, uone yanaishia wapi, ndipo uyafuate kwa krimu.

Wapo waliojaribu kuizuia keki isipite. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840, keki yake ilivishwa sukari nyeupe inayokauka ikawa ngumu, na vipande vingine vikawekwa kumbukumbu. Kimoja kiliuzwa mnadani London mwaka 2016 kwa pauni 1,500. Miaka mia moja sabini na sita hakijaliwa! Kwa maoni yangu hicho si keki tena, ni hati. Wachaga wanaelewa jambo hili vizuri zaidi: kwenye harusi zao mbuzi mzima aliyechomwa, ndafu, huletwa mbele ya watu amepambwa majani, akakatwa, watu wakalishana. Hakuna anayefikiria kumhifadhi.

Keki yangu ya kwanza ya kweli ilivuka Magogoni mwezi wa kumi na mbili, kwenda Kigamboni kwenye mahafali ya chekechea ya mtoto wa dada. Ningeweza kuzunguka na gari kwa Daraja la Nyerere, lakini kutoka kwangu pantoni ndiyo njia, na maji yenyewe ni ya dakika chache. Kosa nililifanya jikoni. Kwa kupenda ladha nilipiga krimu ya siagi tupu, nikayaacha yale mafuta ya mgando yaliyonifundisha. Siagi huyeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35 hivi, nayo Dar ya Desemba mchana iko hapo hapo, kivulini. Juani usiseme.

Katikati ya mkondo maua ya upande wa jua yakaanza kuteremka, taratibu, bila haraka. Kijana mmoja aliyeegemea baiskeli yake akanishtua: "Dada, keki yako inatoka jasho."

Mwezi mmoja nyuma ningelia. Siku ile nilitazama tu, nikajikuta nahesabu: maua tisa. Tisa ni nini kwa mtu aliyekwangua mia tatu? Nilipofika kwa dada niliiingiza keki kwenye friji, nikaomba kisu butu, nikayakwangua yote tisa, nikayarudisha mfukoni, mfuko nao ukaingia kwenye barafu. Chini ya maua yale lile tabaka la kwanza la krimu, jembamba, linalopakwa ili kunasa chengachenga na ambalo hakuna mgeni anayeliona, lilikuwa limeshika vizuri. Nikayapamba upya. Niliacha kuminya, ndipo nikanyanyua.

Watoto waligombania herufi. Mwenye mahafali alitaka H, akapewa, akaila kabla hajapigwa picha. Baada ya muda mfupi sinia lilikuwa na alama za vidole tu, na mimi nilikuwa nimesimama pembeni nafikiria ua lingine, la petali pana zaidi, ambalo sijalipata mpaka leo.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda Kariakoo usibebe fungu zima la nozo ishirini na nne ambalo muuzaji atakushawishi uchukue. Nunua moja, ya nyota, na mafuta ya mgando nusu kilo. Keki yenyewe usiioke kwanza.