Hawezi Nini?

Mtu wa pwani akisema "fulani hawezi", hakuna anayeuliza hawezi nini. Tunaelewa kuwa anaumwa, tunampa pole, basi. Kitenzi kimeachwa hewani, kana kwamba mgonjwa ameshindwa yote kwa mkupuo.

Nilipewa neno hilo mbele ya picha ya eksirei. Pingili za kiuno changu zilikuwa zimelalia upande kama mnazi uliozoea upepo wa kusi. "Karate huwezi," daktari alisema. Hakukosea kabisa. Kupigwa mtama nikaanguka chali siwezi, wala sijaribu. Teke la juu nalo siwezi. Kiuno hukaza kabla mguu haujafika usawa wa kifua.

Lakini Sanchin, kata (mfululizo wa miondoko) ya msingi ya mtindo wa karate wa Goju-ryu, haina teke hata moja. Vidole vya miguu huelekea ndani, magoti hulegea kidogo, pumzi huvutwa na kutolewa polepole, kwa hatua chache tu. Mwalimu hupita nyuma yetu akitugonga mabega kwa viganja. Kwangu huanza na bega la kulia, lililo juu. Nalishusha. Kabla hajamaliza mstari, limepanda tena. Mwaka wa sita huu.

Mwaka 1970 Bruce Lee, nyota wa filamu za mapigano, naye aliumia mgongo akinyanyua vyuma, akaambiwa hatapiga teke tena. Watu hukipenda kisa hiki kwa sababu alilipiga tena. Mimi hunivutia ile miezi ya kitandani, alipojaza madaftari kwa mawazo yake juu ya mapigano; mengi yalichapishwa kitabuni mwaka 1975, miaka miwili baada ya kufa kwake. Maumivu yalibaki naye hata aliporudi kwenye kamera. Huyo alikuwa anaweza au hawezi? Yote mawili, na siku hiyohiyo.

Ndiyo maana wanaonipigia kelele "unaweza!" huniudhi kuliko yule daktari. Nao wamekiacha kitenzi hewani, ila upande wa pili. Kuweza peke yake hakuna maana. Ni lazima kufuatwe na tendo: kusimama, kupumua, kushusha bega. Daktari angalau alitaja karate, ingawa aliikunja yote katika neno moja.

Jumanne jioni nitakuwa mstari wa nyuma, karibu na ukuta. Wenzangu wakianza mateke, nitakaa pembeni niwahesabie.