Mkia wa Kitenzi

Kijana mmoja wa Moshi alikuwa mwongoza watalii mlimani, hodari wa miguu na hodari wa maneno. Kiingereza alikiokota njiani kwa wageni, na neno akishalisikia mara moja aliliona lake.

Msimu mmoja alipandisha kundi la watalii watano Kilimanjaro. Usiku wa kwenda kileleni upepo ulivuma, theluji ikaanguka, mgeni mmoja akatapika mara mbili. Hata hivyo kulipopambazuka wote watano walisimama kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895. Aliposhuka hadi penye mtandao, akamwandikia wakala wa Ulaya aliyewaleta: "It was very hard, but we pulled out." Kichwani mwake alikuwa anasema: ilikuwa kazi, lakini tulichomoka.

Wakala akasoma: ilikuwa ngumu, tukajitoa. Maana "pull out" ni kujiondoa katika jambo kabla halijaisha. Kijana hajavua hata buti, simu inalia. Bosi anauliza kwa nini wageni wamerudishwa njiani. Wakala anataka arudishiwe fedha. Mambo yalipoa baada ya picha za kileleni kutumwa.

Neno alilolitaka ni "pull off": kufanikisha jambo gumu ambalo wengi walidhani lingeshindikana. Angeandika "We pulled it off." Tazama hiyo "it" ilivyokaa katikati, kiwakilishi hakiwekwi baada ya "off". Jina kamili lina uhuru: "pull off the climb" na "pull the climb off" zote ni sawa. Tena "pull off" halifai kwa kila kazi. Ukilitumia kwa kuchemsha chai, watu watadhani unatania. Na likitajwa kwenye soksi au buti, ni kuvua tu kwa kuvuta.

Tusiwashangae Waingereza. Hata kwetu, vuta, vutia, vutana: shina ni moja, lakini anayevuta kamba, anayevutia macho na wanaovutana mahakamani hawafanyi jambo moja. Mkia wa kitenzi chetu umeshikana na mwili. Wa Kiingereza umesimama pembeni, ndiyo maana mwenye haraka huudharau.

Basi wewe unayejifunza, usikariri "pull" peke yake. Kariri kitenzi na mkia wake ndani ya sentensi nzima. Ukiwa na shaka, tumia maneno mepesi. "We reached the top" ingemtosha kijana yule, na simu isingelia.