Kivuli cha Kufanyia Kazi

Mchumia juani hulia kivulini. Tumeimba methali hii tangu shule ya msingi, nami sikuwa na ugomvi nayo mpaka shingo iliponikaza nikiwa Mbesa, huku Ruvuma, msimu wa korosho. Nilikuwa naandika makala kwenye laptopu niliyoiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwenyewe nimekalia kigoda cha jikoni. Siku ya tatu, nikiitwa nageuka mwili mzima.

Laptopu ina kasoro ya kuzaliwa: kioo na kibodi vimeshikana. Ukiishusha mikono ikae vizuri, shingo inainama. Ukiipandisha kwa ajili ya macho, mabega yanapanda nayo. Dawa yake ni kibodi ya pembeni, ukingo wa juu wa kioo ulingane na macho, viwiko vikunjwe pembe mraba, nyayo zikanyage chini. Tena kila dakika 20 utazame kitu kilicho kama mita 6 mbele yako kwa sekunde 20. Hilo la mwisho Mbesa ni bure kabisa, mikorosho ipo.

Nikaenda kwa fundi seremala. Akanikalisha, akanipima kwa futi kutoka kwenye kiwiko hadi chini, kisha akauliza, "Kwani kaka, unaumwa?"

Swali lile lilinichoma. Kwetu kiti kizuri ni cha mgonjwa, mgeni au bosi. Mtu mzima mwenye nguvu zake akikitafuta, ameanza kudeka. Isitoshe, nyumbani nilimwacha mama mdogo amekaa mkekani tangu alfajiri, mgongo umepinda, anachambua korosho, daraja la kwanza huku na la pili kule, kabla hazijapelekwa ghalani. Mbele yake mimi nalilia shingo?

Jibu jepesi ni nivumilie kama yeye. Lakini kuvumilia kwangu kunampunguzia nini? Mgongo wake haupati nafuu eti kwa sababu na wangu unauma. Mwaka 1713 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, aliandika kuhusu makarani wanaoumizwa na kukaa kutwa na kuchezesha mkono uleule, kwa hiyo wala si udhaifu wa vijana wa leo. Sisi wenyewe tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu 2003. Ila sijawahi kuona mkaguzi akiinama kutazama mkeka.

Hapo ndipo methali inaponishinda. Inakitoa kivuli kama ujira, kazi ikishaisha. Inamfaa sana mwenye shamba, hasa kama mchumaji ni mtu mwingine. (Najua, atatokea wa kuniambia jua ndilo linaloivisha korosho. Sawa, liivishe korosho.)

Meza ilikuja Alhamisi. Nikaweka matofali mawili chini ya laptopu, nikachomeka kibodi, nikaandika hadi jioni bila kujinyoosha hata mara moja. Kesho yake nimeamka, laptopu iko kitandani imefunikwa khanga, na mama mdogo yuko mezani na ungo wake.

"Mwanangu, kumbe unaweza kuchambua bila kuinama!"

Basi asubuhi meza ni yake, mimi naandika mchana. Nimemwagiza fundi ya pili, aje apime kiwiko cha mama. Kataka nusu ya hela kwanza.